Redio iko mlimani, wewe uko kwenye kochi: laini ikikatika nani anaizima?

Habari za jioni jamani, wakubwa shikamooni, na nyie mliosimama mlangoni sogeeni huku mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee kuendesha redio ya masafa mafupi ukiwa mbali nayo, kwa intaneti, na nimeambiwa nifanye iwe rahisi. Nitajaribu. Ila niseme mapema kabisa, sehemu rahisi ni ile ambayo watu wanaiogopa, yaani kuiunganisha, na sehemu ngumu ni ile ambayo karibu hakuna anayeniuliza: laini ikikatika ghafla, redio yako kule inafanya nini? Mengine yote nitakayosema leo yanalizunguka hilo swali.

Tuanze na kwa nini mtu mwenye akili zake aweke redio kilomita kadhaa kutoka alipo yeye. Sababu ni kelele. Masafa mafupi ni kuanzia megahezi 3 hadi 30, na humo ndani ndo mawimbi yanapanda mpaka kwenye ionosfia, lile tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, yanarudishwa chini mbali kabisa, ndo maana stesheni ya bara jingine unaipata. Lakini ikifika kwako imeshachoka, ni mikrovolti chache tu kwenye waya wako. Sasa ndani ya nyumba una chaja za simu, sapulai ya laptop, taa za LED, tivii, wengine inveta za sola, na karibu kila kimoja cha hivyo kina saketi ndani inayowaka na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikifanya hivyo inamwaga uchafu kwenye bendi nzima. Jirani naye anazo zake. Unaenda bendi ya mita 41 unakuta mvumo, bendi ya mita 31 mvumo, unasema redio mbovu, unanunua nyingine ya bei mbaya zaidi, mvumo uleule na sasa unausikia vizuri zaidi. Hapo hakuna redio ya kukuokoa kwa sababu kelele imekaa juu ya masafa yaleyale ya stesheni. Ama uizime kelele, ama uhame. Kuhama wewe na familia yako ni shughuli, kwa hiyo anahama redio.

Na kuna wengine sababu yao ni antena. Nusu wimbi kwa megahezi 7 ni waya wa mita 20 hivi, na unatakiwa uwe juu. Anayekaa ghorofani kwenye nyumba ya kupanga anauweka wapi huo waya? Basi.

Sasa nitofautishe vitu viwili maana watu wanavichanganya sana. Kuna kugawana masikio na kuna kushika kitasa. Kugawana masikio ni hizi risiva za wazi ambazo mtu yeyote anafungua kwenye brauza anasikiliza. Inayojulikana kuliko zote iko Chuo Kikuu cha Twente, mji wa Enschede, Uholanzi, inatumia mfumo unaoitwa WebSDR ulioanzia hukohuko, na inapokea kuanzia karibu na sifuri mpaka megahezi 29 na kidogo. Ujanja wake ni kwamba haina kitasa kimoja cha kugombania. Antena inaingia, bendi nzima inageuzwa kuwa namba kwa mkupuo, halafu kila msikilizaji seva inamkatia kipande chake, wewe uko mita 49 mwenzako yuko mita 16 na hamsumbuani. Kuna na KiwiSDR, kile ni kibao kidogo cha saketi kinachopokea kilohezi 10 mpaka megahezi 30, kinachukua watu wachache tu kwa wakati mmoja, kawaida wanne, lakini kimewekwa na watu wengi sehemu nyingi sana za dunia. Na kina GPS ndani. Hiyo GPS sio urembo, kwa sababu mawimbi yanakimbia kilomita 300 kwa kila milisekunde, basi ukiwa na Kiwi tatu sehemu tofauti zenye saa sahihi unalinganisha stesheni imefika wapi kwanza na wapi baadaye, na ramani inakuchorea mtumaji yuko upande gani. Ile stesheni ya Urusi inayobuzi mchana na usiku kwenye kilohezi 4625 watu wameshaichezea hivyo weee.

Kwa anayeanza, mimi namwambia aanze huko, bure, hata kabla hajanunua waya. Na afungue risiva ya upande wa dunia ambako ni usiku, halafu ya upande ambako ni mchana, akae kwenye megahezi 5 au 6 asikilize tofauti. Mchana lile tabaka la chini la ionosfia, wanaliita D, linameza masafa ya chini, usiku jua likizama linapotea na bendi inafunguka kama umeondoa blanketi. Ukisikia kwa masikio yako mwenyewe hutasahau, kuliko kusoma chati.

Kuna mtu lazima atanyanyuka aseme hiyo sio redio, hiyo ni intaneti. Nimeshaizoea. Jibu langu ni kwamba mawimbi bado yamepita angani, bado yamepanda na kushuka, bado jua likichafuka bendi inakufa, kilichorefushwa ni waya wa spika tu. Asiyekubali tutabishana kwenye chai.

Haya, kushika kitasa sasa. Hapa redio ni yako, au ya klabu yenu, iko pale, na wewe unataka uigeuze masafa, ubadilishe modi, upandishe geni, yaani ukuzaji wa mawimbi, na siku moja ubonyeze utume. Watu wanadhani ni uchawi ila redio za kisasa karibu zote zinapokea amri kwa waya, na amri zenyewe ni fupi sana, nyingine ni maandishi kabisa. Kwa redio zinazotumia lugha ya Kenwood, ukitaka uende megahezi 14.100 unatuma "FA00014100000;" basi. Pamoja na hiyo nukta mkato mwishoni, herufi kumi na nne, imeisha, redio imehama. Icom wana lugha yao wanaiita CI-V, Yaesu nao wana ya kwao, na ili usijifunze zote kuna programu ya bure inaitwa Hamlib inayotafsiri, wewe unaongea nayo lugha moja inaongea na redio karibu yoyote. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi inatosha, kompyuta inakaa kule na redio. Zipo redio zenye tundu la kebo ya mtandao nyuma yake kabisa kama IC-7610, hizo hata kompyuta unaweza kuiruka. Na yapo maboksi yanayouzwa mawili mawili, moja kule moja huku, unabaki na uso wa redio mezani kwako kama kawaida na mwili wake uko mlimani, mimi hayo nayapenda kwa sababu kidole kinagusa kitasa cha kweli, lakini bei yake ongea na nafsi yako kwanza.

Sauti ndo inakula data, sio amri, kwa hiyo tupige hesabu kidogo hapa maana watu wanachoma bando bila sababu. Sauti ya SSB, ile modi ya kuongea ya masafa mafupi, ina upana wa kilohezi mbili na nusu hivi, ukiichukua sampuli 8000 kwa sekunde, biti 16, ni kilobiti 128 kwa sekunde, yaani megabaiti 57 na ushee kwa saa. Ukiikandamiza kwa Opus inashuka mpaka kilobiti 24 na bado inasikika vizuri, hiyo ni megabaiti 11 kasoro kwa saa. Sawa. Sasa kuna mtu ana kile kidude cha USB cha RTL-SDR, ameambiwa kuna programu inarusha data zake mtandaoni, ameiwasha kwenye sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila sampuli ni baiti mbili. Hiyo ni megabiti 38 kwa sekunde! Kwa saa ni gigabaiti 17. Anasikiliza stesheni moja yenye upana wa kilohezi 10 lakini amebeba bendi yote ghafi kuvuka mtandao. Kwa hiyo kazi ya kuchambua ifanyike kule kule kwenye antena, kinachosafiri kiwe ni sauti na ile picha ya maporomoko ya rangi inayoonyesha stesheni zilizopo kwenye bendi basi. OpenWebRX inafanya hivyo, Kiwi inafanya hivyo.

Kuchelewa nako kupo, hakuepukiki, sauti inasubiri kwenye kadi ya sauti, inasubiri kwenye kukandamizwa, inasubiri njiani, halafu inasubiri tena kwako ili isikatekate. Ukiwa msikilizaji tu hata nusu sekunde haikuumi, isipokuwa unapozungusha kitasa, unapita stesheni unarudi unaipita tena, basi zoea kuandika namba badala ya kuzungusha. Ukiwa wa mosi kodi ndo utateseka, vidole vinapiga sasa sauti yake unaisikia baadaye, ubongo unachanganyikiwa. Dawa ni kutuma herufi kama maandishi, halafu kia, yaani kifaa cha kupiga mosi, iliyoko kule ndo iyageuze kuwa nukta na mistari, na sauti ya kujisikiliza itengenezwe hapa hapa kwako. Na wa FT8, ile modi ya kompyuta ya ujumbe mfupi mfupi, msihangaike kusafirisha sauti kabisa, ile modi inaenda kwa zamu za sekunde 15 na saa lazima iwe sawa, wekeni programu kule kule kwenye redio, nyie muangalie skrini tu kwa mbali.

Kabla sijaingia kwenye kukatika, neno moja kuhusu uchafu. Umekimbia kelele mjini, umefika mahali patulivu, halafu unaweka pale rauta, sapulai ya bei chee, kompyuta, kebo ya mtandao ya mita kumi, yaani umebeba kelele zilezile ukaenda nazo! Hii naiona sana. Rauta na kompyuta ziweke mbali na antena, tumia sapulai ya transfoma ile nzito ya kizamani, zungusha kebo kwenye pete za feraiti, na ukiweza kebo ya mwisho kuelekea kwenye redio iwe ya nyuzi za kioo maana hiyo haipitishi umeme kwa hiyo haibebi uchafu, na radi pia haipiti humo.

Unapimaje kama mahali pako papya panafaa? Nendeni megahezi 14.100. Kuna stesheni 18 za majaribio zimetawanywa duniani, mradi wa NCDXF na IARU, vyama vya redio za ridhaa, zinapokezana, kila moja ina sekunde 10, duara zima dakika 3. Kila stesheni inapiga jina lake kwa mosi halafu mistari minne mirefu, jina na mstari wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Sasa sikiliza nyumbani na usikilize kule mlimani kwa wakati mmoja, stesheni ileile. Kama nyumbani unaishia mstari wa kwanza na kule unafika wa tatu, umepata faida ya desibeli 20, yaani nguvu mara 100, na huna haja ya kumuuliza mtu.

Mtandao wa kule nitaupitia haraka. Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya wazi, kampuni inawafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata ungefungua milango yote ya rauta hakuna kitakachoingia. Usipigane na hilo. Fanya kompyuta ya kule ndo ipige simu nje, ijiunge kwenye VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kwa programu kama WireGuard au Tailscale, na wewe ujiunge hukohuko mkutane ndani. Hii inatatua na usalama kwa mkupuo, maana ile milango ya kuongozea redio, kama ule wa 4532 wa Hamlib, haikutengenezwa ikae uchi kwenye intaneti, na mtu akiingia hapo hachezei faili, anachezea transmita yenye jina lako la leseni.

Haya sasa. Laini imekatika.

Kama unasikiliza tu, hakuna tatizo, sauti imekata, unakasirika, unanywa maji. Ndo maana nasema sikiliza miezi ya kutosha kabla hujafikiria kutuma. Lakini kama ulikuwa unatuma, umebonyeza PTT, yaani kitufe cha kutuma, amri ya "tuma" imeshafika, halafu mtandao ukafa kabla amri ya "acha" haijafika, redio yako itafanya nini? Itaendelea kutuma. Haina shida na wewe, imeambiwa tuma inatuma, wati 100 zinaenda, feni inapiga kelele, transista zinachemka, na umewakalia watu kwenye masafa na hata huwezi kuwasikia wanavyokutukana.

Kwa hiyo uamuzi wa kuacha kutuma usikae kwako. Ukae kule. Boksi au programu iliyo upande wa redio iwe inasubiri kutoka kwako neno dogo, "nipo", "nipo", kila mara, na ikipita sekunde moja au mbili bila kulisikia inaachia PTT yenyewe bila kumuuliza mtu. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni taima ya ndani ya redio yenyewe, redio nyingi za sasa zinayo kwenye menyu, ukizidisha dakika kadhaa za kutuma inakata, na watu wengi wameizima kwa sababu iliwakera wakiwa wanapiga stori ndefu. Iwashe. Ya tatu ni kompyuta ya kule kuganda, maana ikiganda na ile programu ya "nipo" imeganda nayo, na hapo ndo unahitaji taima ya chuma, sio ya programu. Raspberry Pi inayo tayari ndani, mfumo usipoigusa ndani ya sekunde 15 inajizima na kujiwasha upya, ila hakikisha imewashwa kwenye mipangilio.

Na hapo kwenye kujiwasha upya kuna mtego. Kompyuta ikiwaka, au programu ikifungua ile poti ya serial inayoongoza redio, zile waya zake mbili za ishara, RTS na DTR, zinaweza kupanda zenyewe, na kama PTT yako umeifunga kwenye moja yao, redio inatuma bila mtu kubonyeza chochote, kwa hiyo ile tiba ya kuganda ndo inakuwa ugonjwa. Tuma PTT kwa amri ya maandishi, au hakikisha redio inawaka baada ya kompyuta kutulia na sio kabla.

Halafu rilei za umeme, yaani swichi zinazoendeshwa na kompyuta, hapa nawaomba msikilize kwa sababu watu wananunua rilei tu bila kuangalia ikifa inaangukia upande gani. Rilei ya redio iwe ile inayohitaji kushikiliwa ili umeme upite. Kompyuta ikifa, rilei inaachia, redio inazimika. Rilei ya rauta iwe kinyume chake, umeme unapita wenyewe na unaikata tu pale unapotaka kuirebuti. Ukizigeuza, siku ya matatizo rauta imezima redio inawaka, na hapo hakuna amri yoyote duniani utakayoituma, ni kuchukua gari. Na rauta iwe na kitu cha kuirebuti chenyewe kama haioni intaneti kwa muda, kwa sababu rauta nazo zinaganda, sijui nani aliwaambia watu haziganzi... haziganzi? hazigandi, samahani, mnacheka nini.

Halafu jaribu. Usijaribu kwa kufikiria, jaribu kwa mkono. Kabla hujaondoka pale mlimani funga lodi bandia, kile kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha angani, badala ya antena, mwambie mwenzako aliye mbali abonyeze kutuma, halafu wewe chomoa kebo ya mtandao na uangalie saa. Chomoa umeme wa kompyuta. Chomoa umeme wote urudishe. Kila ukichomoa redio inatakiwa inyamaze, na ukirudisha kila kitu kirudi chenyewe bila wewe kugusa. Kama kuna kimoja kinataka mkono wako, bado hiyo redio haiko tayari kuachwa peke yake.

Sheria sitaingia sana, kila nchi ina yake, ila kanuni ya nchi nyingi ni kwamba kinachohesabika ni transmita iko wapi, sio wewe umekaa wapi. Leseni ya pale, masafa yanayoruhusiwa pale. Na mwenye leseni anatakiwa awe na uwezo wa kuizima wakati wowote, kwa hiyo haya yote ya rilei niliyosema sio mbwembwe za fundi, ukiulizwa na mamlaka uwe na cha kuonyesha.

Nimeona mzee wangu pale ananyoosha mkono muda mrefu... anauliza umeme ukikatika wenyewe je. Swali zuri mzee. Weka betri, lakini usiitegemee kwa kila kitu sawasawa, redio ya wati 100 ikituma inavuta karibu ampea 20 kwa volti 13.8, itaimaliza mapema. Gawa mara mbili: rauta, kompyuta ndogo na rilei zile kwenye betri zikae muda mrefu kuliko vyote, na redio ikatwe kwanza volti zikianza kushuka. Hivyo hata usiku kucha bila umeme bado unaingia unaona volti, unaona joto, unajua hali, na umeme ukirudi wewe ndo unaamua redio iwake saa ngapi. Na radi ikitangazwa antena ikatwe kwa rilei yake na ipelekwe ardhini, hiyo nayo ikosewe kwa upande wa salama, yaani isiposhikiliwa iwe imekatwa.

Haya dada pale nyuma, wewe halafu huyu kijana mwenye laptop. Maiki mpelekeeni.